Homa ya mtoto baada ya chanjo: tusimwachie mama peke yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Subhaanahu Wataala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ijumaa ya leo tumeonelea tuyaweke kando masuala ya mirathi na talaka, tuzungumze juu ya jambo dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna roho za watoto. Nalo ni homa anayoipata mtoto mchanga baada ya kuchanjwa, na yale yanayofanyika nyumbani usiku ule.

Katika Mkoa wa Pwani jina la Gwata lipo pande mbili: ipo Gwata ya Kibaha na ipo Gwata ya Kisarawe, na mgeni anayeuliza njia sharti aulizwe kwanza anakwenda ipi. Kwa suala letu hili hazitofautiani sana. Zote ni nchi ya mashamba na mapori, na wengi wa wenyeji wake ni Waislamu waliozaliwa katika Uislamu, baba kwa babu. Mwenye mgonjwa mzito huko anaelekezwa Tumbi akiwa upande wa Kibaha, au hospitali ya wilaya akiwa upande wa Kisarawe, na safari hiyo ikianza saa tano za usiku wakati wa masika, kila anayeishi huko anajua maana yake. Ndiyo maana tumeichagua Gwata iwe mfano wetu. Anayekaa Kariakoo akikosea usiku, asubuhi anaweza kurekebisha. Wa Gwata nafasi yake ni finyu zaidi.

Hali yenyewe kila familia inaijua. Mama amekwenda kliniki asubuhi na mtoto wa wiki kumi. Amepimwa uzito, amechomwa sindano za mapajani, amepewa matone mdomoni, kadi imeandikwa, wamerudi. Alasiri mtoto anaanza kulialia. Ikifika magharibi mwili ni wa moto, paja limevimba kidogo pale palipochomwa, na ziwa analishika kisha analiacha. Baba yuko Dar es Salaam kwenye kibarua. Ndani ya nyumba yupo bibi aliyelea watoto wanane, naye anasema kwa uchungu wa kweli kwamba mtoto aliondoka hapa mzima, wamemharibu huko. Tangu saa hiyo hukumu imeshatolewa, na wiki ya kumi na nne ikifika hakuna anayekwenda kliniki.

Hilo ni kosa la kwanza. Lipo na la pili, ambalo linatokea kwa walioelimika kidogo, nalo kwa maoni yetu ni la hatari zaidi. Hawa wameambiwa kwamba homa baada ya chanjo ni kawaida. Basi mtoto anapata homa siku ya kwanza, wanasema ni chanjo. Siku ya tatu bado anawaka, wanasema ni chanjo. Siku ya tano mtoto amelegea, macho yamegeuka, ndipo wanatafuta pikipiki. Kumbe ilikuwa ni malaria, au nimonia, na chanjo haikuhusika kabisa. Mmoja ameikimbia chanjo kwa sababu ya homa, na mwingine ameidharau homa kwa sababu ya chanjo.

Tuanze na homa yenyewe inatoka wapi. Chanjo ni kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Wazee wetu walijua kuchanja chale, na neno chanjo limetoka huko huko. Mpango wa chanjo wa taifa letu ulianza mwaka 1975. Chanjo ya homa ya ini iliongezwa mwaka 2002, na mwaka 2009 ikaja ile inayokusanya kinga tano katika sindano moja, ambayo wauguzi huiita Penta: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, na kidudu kinachosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hiyo ndiyo inayoleta joto mara nyingi, na sababu inajulikana. Ile sehemu ya kifaduro imetengenezwa kwa kidudu kizima kilichokwisha kuuawa, na mwili ukikiona unapandisha joto kama unavyofanya ukivamiwa. Zipo nchi tajiri zinazotumia chanjo ya kifaduro ya namna nyingine yenye homa chache. Hatuoni haja ya kuficha hilo. Lakini hii tunayoitumia inakinga vizuri, na aliyewahi kumsikia mtoto wa miezi mitatu akikohoa kifaduro mpaka akageuka rangi hatailinganisha kikohozi hicho na joto la usiku mmoja.

Homa ya Penta kwa kawaida huanza ndani ya saa 24 tangu sindano, na huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Chanjo ya nimonia inayotolewa siku hizo hizo, iliyoanza kutumika nchini kote mwaka 2013, nayo huweza kuleta joto la namna hiyo. Ya surua na rubella ina tabia yake. Hutolewa miezi 9 na miezi 18, na homa yake haiji siku ile. Huja baada ya siku tano hadi kumi na mbili, pengine pamoja na vipele vidogo, wakati ambapo mama ameshasahau kwamba mtoto alichanjwa. Na ile ya kifua kikuu inayochomwa mkononi mtoto anapozaliwa huacha kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa, kikapona na kubakisha kovu. Kidonda hicho hakitaki dawa, wala kupakwa majivu, wala kukamuliwa.

Sasa mama afanye nini usiku ule? La kwanza ni kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida, hata kama mtoto ananyonya kidogo kidogo. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani mtoto mwenye homa apewe maji. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hana haja ya maji. Maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji, tena maji safi kuliko ya kisima chochote cha Gwata. La pili ni kumpunguzia nguo. Ni ajabu jinsi tunavyomfunika mtoto anayewaka moto kwa blanketi, soksi na kofia ya sufu, katika joto la Pwani, kwa hofu ya upepo. Avalishwe nguo moja nyepesi, alazwe mahali penye hewa, ndani ya chandarua.

Hapa huulizwa juu ya Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) ameihusisha homa na mvuke wa Jahannam na kuelekeza kwamba ipozwe kwa maji. Je, si ndiyo dalili ya kumwogesha mtoto maji ya baridi? Maulamaa walilijadili hili zamani. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameeleza kwamba maneno yale yaliwahusu watu wa Hijazi na walio karibu nao, na aina ya homa zilizowapata kwa ukali wa jua. Na Asmaa binti Abubakar (R.A.), aliyekuwa akiletewa wanawake wenye homa, alikuwa akiyamimina maji baina ya mwili na ukosi wa nguo; wale walikuwa watu wazima. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ni haki, nasi tunayakubali kwa kichwa na macho. Lakini mtoto wa miezi mitatu akitumbukizwa katika maji ya baridi hutetemeka, na kutetemeka kunaongeza joto ndani badala ya kulipunguza. Mwenye kutaka kumfuta uso, shingo na makwapa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na amfute. Maji ya barafu na spiriti ya dukani viepukwe kabisa.

La tatu ni dawa, na hapa ndipo makosa yanapozidi. Dawa ya homa kwa mtoto mchanga ni parasetamoli, na kiasi chake hupimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja, isirudiwe kabla ya saa nne hadi sita kupita, wala isizidi mara nne kwa usiku na mchana. Tuchukue mtoto wa kilo 5. Anastahili miligramu 50 hadi 75. Dawa ya maji inayouzwa sana ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo nusu ya kipimo hicho, yaani mililita 2 na nusu, inamtosha. Sasa tazama tunavyofanya majumbani: tunachukua kidonge cha mkubwa cha miligramu 500, tunakivunja robo, tunakiponda kwenye kijiko. Robo ile ina miligramu 125. Mtoto yule amepewa karibu mara mbili ya kiasi chake, na bibi akirudia baada ya saa mbili kwa kuwa joto halijashuka, tumeanza kuliunguza ini la mtoto kwa mikono yetu wenyewe. Vijiko vya chai navyo havilingani. Kitumike kile kipimo kilichomo ndani ya boksi la dawa. Nguvu ya dawa isomwe kwenye chupa, maana zipo za matone zilizo kali zaidi, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake pasipo mnunuzi kujua. Uzito wa mtoto umeandikwa kwenye kadi asubuhi ile ile. Aende nayo mpaka duka la dawa muhimu, na akirudi aandike mahali saa aliyompa, ili baba akirudi usiku wa manane asimpe tena kwa huruma.

Asipirini mtoto hapewi kabisa, kwa sababu inaweza kumdhuru ubongo na ini. Wala parasetamoli isitolewe kabla, kwa nia ya kuizuia homa isije. Mwaka 2009 jarida la matibabu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Jamhuri ya Cheki kwa watoto 459, ukaonyesha kwamba waliopewa dawa hiyo mapema walipata homa chache zaidi lakini kinga waliyoijenga kwa baadhi ya chanjo ilikuwa ndogo. Mtoto mwenye joto dogo, anayenyonya na kulala, hana haja ya dawa hata kama mkono wa mama unahisi moto. Na mkono wenyewe una udanganyifu wake: aliyetoka kufua humwona kila mtu ana homa. Mwenye uwezo anunue kipimajoto. Kipimo cha kwapani kikifika nyuzi 37 na nusu hiyo ni homa.

Lakini yote hayo tumeyasema kwa mtoto aliyekwisha kuvuka miezi miwili. Aliye chini ya hapo, na ndiye wa chanjo ya wiki ya sita, akipata homa arudishwe kituoni, asipewe dawa kwa uamuzi wa nyumbani. Katika umri ule maradhi mazito huanza kwa joto tu bila ya dalili nyingine, na mzazi hana namna ya kuyatofautisha.

Zipo alama ambazo zikionekana, kwa umri wowote, hazingoji asubuhi. Mtoto ameshindwa kabisa kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Amelegea, haamki vizuri. Anapumua haraka mno au kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Utosi umevimba. Analia kwa mfululizo saa tatu bila ya kubembelezeka. Ametukutika mwili. Na hata kama hakuna alama yoyote katika hizo, homa iliyopita siku mbili si ya kuambiwa ni chanjo tena. Aende akatobolewe kidole apimwe malaria kwa kile kipimo cha haraka, ambacho zahanati zetu zinacho, na majibu hutoka kwa muda wa mtu kuswali rakaa chache. Sisi tunaishi katika nchi ya mbu. Sindano ya Penta haimzuii mbu aliyemng'ata mtoto wiki iliyopita.

Tumetaja kutukutika, na hatuwezi kulipita neno hili bila ya kusimama. Kwa Wazaramo na Wakwere, na pwani yote kwa jumla, jina lake ni degedege, na si ugonjwa tu, ni habari ndefu. Watafiti walioandika mwaka 1996 juu ya Bagamoyo, na Vinay Kamat aliyeandika mwaka 2008 juu ya Wazaramo, wameonyesha jinsi wazazi wengi walivyoitenga degedege na malaria, wakaiona kuwa ni kazi ya ndege au ya shetani, ambayo dawa yake haiko hospitali. Na ipo imani iliyoshika mizizi zaidi kuliko zote: kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Msomaji wa Gwata hahitaji utafiti kujua hilo, amelisikia nyumbani kwao.

Tuiangalie imani hii kwa insafu, kwa kuwa watu walioiamini si wajinga, walikuwa wakisema walichokiona. Mtoto anatukutika jioni. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, anapakwa, siku inapita na ya pili. Malaria imeshapanda kichwani. Ndipo anapelekwa hospitali, daktari anamchoma sindano ya kumwokoa, na mtoto anafariki dakika chache baadaye mbele ya macho ya watu. Kila mmoja ameiona sindano, na zile siku mbili zilizopotea hakuna aliyezihesabu. Visa kama hivi vikitokea kijiji hiki na kile, sindano inahukumiwa, na baada ya hapo hata sindano ya chanjo inatiwa katika hukumu hiyo hiyo.

Kutukutika kwa homa hutokea zaidi kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Mara nyingi ni joto lililopanda ghafula, lakini katika nchi ya malaria huweza kuwa ndiyo malaria kali yenyewe, kwa hiyo kila mtoto aliyetukutika lazima aonwe na mganga wa hospitali siku ile ile. Wakati anatukutika alazwe ubavu, alegezwe nguo, asitiwe kitu mdomoni, si kijiko, si dawa, si kidole, na asishikwe kwa nguvu. Ikikoma, safari ianze.

Ama kumkojolea mtoto, na kumfukiza kwa kinyesi cha tembo, mambo ambayo katika mwambao huu yamefanywa kwa degedege na pengine yanafanywa mpaka leo, tunasema kwa heshima kwa wazee wetu kwamba hayana nafasi. Mkojo ni najisi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hata vinyesi vya wanyama vyote ni najisi. Imepokewa katika athari ya Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba Mwenyezi Mungu hakuiweka tiba ya Umma huu katika vile alivyoviharamisha, na wale maulamaa walioruhusu kutibu kwa najisi wakati wa dharura wameshurutisha kwamba asipatikane mbadala ulio tohara na wenye kufaa. Mbadala upo, tena kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano sera ya serikali yetu ni kutibiwa bila malipo. Moshi nao humbana mtoto pumzi ambazo tayari ni fupi.

Kumsomea ni jambo jingine. Al-Fatiha na Muawwidhatayn ni sunna, na mama anaweza kuzisoma akiwa nyuma ya pikipiki na mtoto kifuani. Hakuna aliyesema kisomo kinahitaji watu wakae nyumbani. Juu ya kombe tunapenda kusema wazi, maana linaulizwa: mtoto wa miezi mitatu asinyweshwe kombe. Hatusemi hivyo kwa kuidharau aya iliyoandikwa, a'udhubillahi. Tunasema hivyo kwa ajili ya maji yenyewe na wino wake, ambavyo tumbo la umri ule haliviwezi.

Wapo wanaotuuliza kama kumtia mtoto dawa kabla hajaugua si kukosa tawakal. Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu) alipoulizwa juu ya chanjo aliruhusu, akatoa dalili kwa Hadithi ya tende saba za Ajwa, ambazo mwenye kuzila asubuhi amekingwa siku hiyo na sumu na uchawi. Nayo ni kinga inayotangulia dhara. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, lilipitisha kwamba asili ya matibabu ni jambo lenye kuruhusiwa, na huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kunapelekea nafsi kuangamia, au ugonjwa ukiwa ni wa kuambukiza wengine. Surua na kifaduro ni katika hayo. Tukumbuke pia kwamba aliyeandika kitabu cha kupambanua surua na ndui alikuwa Mwislamu, Abubakar ar-Razi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwamba Wazungu walijifunza kuchanja ndui kwa kuwatazama watu wa Istanbul. Mke wa balozi wa Uingereza huko aliliandika jambo hilo mwaka 1717, na mwaka uliofuata akamchanja mwanawe.

Turudi kwenye nyumba yetu. Ya uvimbe wa paja ni mepesi. Pasikandwe kwa maji ya moto, pasisuguliwe, pasipakwe mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kawaida kinatosha. Kifundo kidogo kigumu kinaweza kukaa wiki kadhaa. Kikianza kuwa chekundu zaidi kila siku na kutoa usaha, hapo aonwe.

Na kadi ya wiki ya 14? Mtoto arudishwe. Homa ya dozi iliyopita haizuii dozi inayofuata. Aliyetukutika au aliyevimba uso na kubanwa pumzi baada ya sindano, mama amwambie muuguzi kabla hajachomwa tena, uamuzi ni wa wataalamu. Aliyechelewa kwa mwezi au miwili naye aende. Penta haianzwi upya, huendelezwa pale ilipoishia. Tunawaomba nao wauguzi wetu, ambao tunajua wana foleni ndefu na mikono michache, wamwambie kila mama maneno matatu kabla hajaondoka: homa itakuja lini, ampe nini, na arudi akiona nini. Mama aliyeambiwa mapema kwamba mtoto atachemka usiku haitikiswi na bibi. Aliyenyamaziwa anaona amehadaiwa, na hatuwezi kumlaumu. Akae pia kituoni nusu saa baada ya sindano, kwa kuwa madhara makubwa ya ghafula, ambayo ni nadra mno, hutokea ndani ya muda huo.

Lililobaki ni la kina baba. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Wapo wake wengi wema ambao mtoto anawaka usiku nao hawatoki nyumbani kwa kuwa mume yuko safarini na hakutoa ruhusa. Heshima hiyo ni ya kusifiwa, lakini mume asiifanye mtego. Kabla ya kuondoka na atamke mbele ya mama yake na mkewe: mtoto akiugua, ruhusa ninayo nimeshaitoa, hakuna haja ya kunitafuta kwa simu. Na aache nauli ya pikipiki mahali panapojulikana, isiguswe kwa sukari wala vocha.

Na maimamu wa Gwata zote mbili tunawaomba jambo moja. Siku ya kliniki ya mkoba, yaani ile siku wauguzi wanapokuja na kasha la baridi hadi kijijini, hujulikana mapema zahanati. Itangazwe msikitini Ijumaa inayotangulia, na pamoja nayo litajwe jina la kijana mwenye pikipiki aliyekubali kuamshwa usiku ule wa baada ya chanjo, na namba yake ya simu. Ikiwa sanduku la msikiti lina akiba, sehemu ndogo itengwe kumlipia yule asiye na nauli. Tangazo lenyewe halizidi dakika mbili, nalo linaweza kusomwa kabla watu hawajasimama kuswali sunna ya baada ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiiq.